Hatua Moja Mbele

Wiki jana tuliliacha buti limetua ardhini, puu, na hatukumtaja mwenye buti.

Lilikuwa la Chuma.

Ndiyo, Chuma! Koplo mwenyewe, yule anayembeba mlevi begani kama furushi la nguo chafu, yule ambaye vibaka wa mtaa mzima wakisikia tu kikohozi chake wanarudisha walichochukua. Huyo ndiye aliyetoka mstarini mbele ya kituo kizima, pale mkuu wa kituo aliponguruma: "Mwenye matatizo ya akili! Hatua moja mbele, tembea!"

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani na hujui tulikotoka, sogea nikupe kwa kifupi. Leo ni Siku ya Ustawi wa Askari. Kitambaa kimetundikwa getini, AKILI TIMAMU, USALAMA TIMAMU, na askari wamegawiwa fulana za saizi moja, wanene zimewabana kama soseji na wembamba zinawapepea kama bendera. Kamishna amekuja kutoka makao makuu kuangalia jinsi vituo vinavyotunza vichwa vya watu wake, na kituo kitakachofanya vizuri kitapewa ngao.

Na mkuu wa kituo hiki anapenda ngao kuliko chakula. Ukuta wa ofisi yake umejaa ngao: ya usafi wa choo, ya kuvuta kamba, ya bustani. Ndiyo maana askari wenyewe wanamwita Ngao, akishageuka. Sasa Ngao amepiga hesabu zake: kituo chenye afya ya akili ni kile kisicho na mgonjwa. Na utajuaje kama yupo? Unauliza gwarideni, juani, kwa sauti ya kufukuzia mbwa. Asipojitokeza mtu, hakuna mgonjwa. Kazi imekwisha, leteni ngao.

Hivi ndivyo wakubwa wanavyopima akili za watu, jamani. Daktari anapima kwa kipimo, hawa wanapima kwa filimbi.

Ila buti likatua.

"Ha!" Sauti ilitoka nyuma. "Chuma kashika kutu!"

Huyo ni Sajini Kufuli, mtunza ghala la silaha. Mstari mzima ukatikisika kwa kicheko cha kubana pumzi. Kufuli huyu kila jioni anajimiminia chupa mpaka mkewe anamvua viatu, na anaiita dawa ya usingizi. Lakini yeye, ati, mzima.

Chuma alishtuka. Akatazama kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna mtu. Ndipo akagundua amesimama peke yake mbele kama mlingoti.

Sasa nikunong'oneze kitu ambacho kituo kizima hakikujua. Chuma hakupiga hatua kwa ushujaa. Swali lenyewe hakulisikia! Akili yake ilikuwa mbali, masikio yakadaka neno la mwisho tu, "tembea", na mguu wa askari aliyefundishwa ukaenda wenyewe. Wenzake walisikia amri yote ndiyo maana wakaganda.

Alikosea. Basi.

"Wewe," alisema Kamishna.

Kamishna ni mama mfupi mwenye sauti laini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Alishuka jukwaani akamsogelea.

"Una tatizo, koplo?"

Kabla Chuma hajafungua mdomo, Ngao alikwishajipenyeza katikati, jasho likimtiririka shingoni.

"Amekosea hatua, afande! Huyu ni mzima kabisa, afande. Huyu tunamwita Chuma!"

"Sikukuuliza wewe," alisema Kamishna kwa upole uleule. "Tukimaliza gwaride tunakunywa chai. Tukimaliza chai, nataka nimsikie mwenyewe."

Ngao akapiga saluti. Mkono wake ulipita sikio.

*

Gwaride lilipovunjwa, Ngao alimvuta Chuma ofisini kwa ukosi wa fulana na kufunga mlango kwa kisigino.

"Umenifanya nini?"

"Nilikosea, afande. Sikusikia vizuri."

"Umekosea?" Ngao alishusha pumzi, uso ukamfunguka kama mtu aliyepata choo baada ya safari ndefu. "Umekosea! Si useme, mdogo wangu! Mimi nilidhani umerukwa kweli. Basi imekwisha. Nenda kamwambie hivyohivyo: nilikosea hatua, afande."

"Ndiyo, afande. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Afande, mimi kweli silali."

"Nani analala?" Ngao aliangua kicheko. "Mimi mwenyewe silali, na tazama kitambi hiki. Kunywa maji mengi, kimbia asubuhi, acha kufikiri. Kufikiri kuna askari wake, wako makao makuu."

Ngao akainama, sauti ikashuka. "Nisikilize. Usajini wako nimeshaupendekeza. Ukiingia pale ukasema unaumwa kichwa cha ndani, unajua kinachofuata? Mgonjwa wa akili hapewi bunduki. Asiyepewa bunduki haendi doria. Asiye na doria hana kazi, na asiye na kazi hakai nyumba ya kota. Utampeleka wapi mkeo na kale kabinti? Eeh? Utawaambia mmehama kwa sababu baba alijisikia vibaya?"

"Hapana, afande."

"Wewe umekosea hatua. Sikuambii udanganye. Sema ukweli tu!"

Hapo ndipo pabaya, msomaji. Mzee mzima alikuwa anamtaka aseme ukweli, na ukweli huo ndio ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote.

Maana Chuma ni mgonjwa. Mliokuwa nasi tangu mwanzo mnajua. Lile ghorofa la sokoni lilipoporomoka, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Kwenye ufa wa zege alikuta mkono wa mwanamke umetokeza, akaushika, akawa anasema, tunakuja mama, tunakuja. Mama wa watu alitolewa amekufa. Tangu siku hiyo Chuma akishikwa mkono anaruka kama aliyegusa waya wa umeme. Na majuzi Kidoti, binti yake, alimshika mkono wavuke barabara. Chuma akajichomoa kwa nguvu. Mtoto akaanguka kifudifudi mbele ya lori, na kama si breki za dereva, leo tungekuwa tunaandika mambo mengine.

Mkewe hakupiga kelele. Alimpangusa mtoto magoti, akasema: "Kazungumze na mtu anayeijua kazi hiyo. Siku ya Ustawi mshauri anakuja, mmeambiwa. Ikipita siku hiyo hujazungumza naye, mimi na Kidoti tunakwenda kwa mama yangu."

Siku yenyewe ndiyo leo.

*

Habari kota hazitembei, zinaruka. Chuma alipotoka ofisini kupitia nyumbani kubadilisha ile fulana iliyochanika ukosi, alikuta zimemtangulia.

Aliyezibeba ni mke wa Sajini Kufuli. Wanamwita Redio, na hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa amekaa kibarazani kwa Mama Kidoti, miguu ameinyoosha, anahadithia kama alikuwepo.

"Shoga, buti lilitua! Mpaka kuku walikimbia! Mume wangu anasema Kamishna alitaka kulia."

Mama Kidoti ni fundi cherehani. Suruali za askari wote wa kituo zinapita mikononi mwake, na kwa kiuno cha suruali anamjua nani amenenepa kwa hongo na nani anakonda kwa mawazo. Za mumewe amezipunguza kiuno hadi vitanzi vya mkanda vimekaribia kugusana. Alipomwona anaingia, alisimama, akaacha kitambaa kianguke.

"Baba Kidoti."

"Naam."

"Umepiga hatua." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mbele ya wale wote. Wewe!"

Chuma akafungua mdomo, ila mkewe akamtangulia.

"Mimi nilikuwa nimeshafunga begi," alisema mkewe, huku akicheka na kulia kwa pamoja. "Nilisema huyu hatathubutu, nilisema huyu anaiogopa aibu kuliko anavyotupenda. Nisamehe mume wangu. Ngoja nilifungue."

Na kweli akaingia ndani akaanza kutoa vitu. Gauni la Kidoti. Kandambili za Kidoti. Kanga zake mwenyewe. Anazitundika moja moja kwenye misumari, anaimba kimoyomoyo.

Redio alishikilia mwimo wa mlango asipitwe na neno.

"Shemeji," alisema, "wewe ni mwanamume! Wangu mimi angebaki pale mpaka aote mizizi."

Hapo mtu mwerevu angenyamaza. Unanyamaza, unaoga, unatoka. Lakini Chuma ni mtu wa ajabu: anaweza kumdanganya jambazi siku nzima akiwa mahabusu, mkewe hawezi kumdanganya hata mpaka chai iive.

"Mama Kidoti, acha."

"Niache nini?"

"Sikupiga hatua. Yaani nilipiga, lakini nilikosea. Sikusikia amri vizuri."

Mkono wa mkewe ulibaki kwenye msumari.

"Ulikosea."

"Nilisikia 'tembea', nikatembea."

Redio akaziba mdomo kwa viganja viwili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Mama Kidoti aliteremsha gauni la mtoto. Akalikunja. Akalirudisha kwenye begi, akafuatisha kandambili, kanga moja, kanga ya pili. Zipu ilikwama; akaivuta kwa meno.

"Na huko ofisini wamekwambiaje?" aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Niseme nilikosea. Nikisema vingine, nyumba hii wanatutoa."

"Nyumba!" Mama Kidoti aligeuka, na dharau iliyokuwa usoni mwake ningeweza kuipima kwa futi. "Unaiita hii nyumba? Humu mtoto anatembea na mikono nyuma ili asimguse baba yake! Umewahi kumwona? Anaifunga nyuma hivi, kama mtuhumiwa."

Chuma alikuwa hajawahi kumwona.

"Umesema ulikosea," alisema mkewe, akinyanyua begi.

"Ndiyo."

"Basi nenda ukakosee tena."

*

Ukumbi wa chai ulikuwa umejaa kama siku ya kugawa mishahara. Waliokuwa na lindo waliacha lindo. Waliokuwa kaunta waliacha kaunta, na mtu aliyekuja kuripoti kuibiwa kuku aliambiwa asubiri kwanza, kuna jambo. Wake za askari walijazana madirishani, Redio akiwa mbele kabisa maana alikwishashika nafasi kwa kanga.

Kamishna alikaa katikati. Kulia kwake Ngao, kushoto mshauri nasaha, mwanamke kijana mwenye miwani ambaye tangu afike hakuna aliyempa hata kiti kizuri. Ngao alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama "huyu binti wa maneno".

"Koplo," alisema Kamishna. "Nakusikiliza."

Chuma alisimama wima.

"Nilikosea hatua, afande."

Kufuli alipiga meza kwa furaha. Ngao aliegemea kiti, akafuta jasho, akachukua andazi. Ngao ile ya ustawi alikuwa ameshaipigia msumari ukutani.

"Si nilisema, afande? Mzima kama..."

"Nilikosea," aliendelea Chuma, "kwa sababu sikusikia amri."

"Imetosha, koplo. Kaa."

"Sikusikia kwa sababu huwa sisikii."

Andazi lilisimama njiani.

"Nasimama gwarideni lakini sipo, afande. Watu wanasema nami, naona midomo tu. Juzi nimempita mwizi ananisalimia. Na leo mmeniita mgonjwa mbele ya watu wote, nikaitika bila kujua nimeitwa. Sasa sijui mnataka ushahidi gani zaidi."

Dirishani, Redio alisikika akimwambia mtu: "Mwite Mama Kidoti! Mwite mbio, kabla hajafika barabarani!"

"Utani huo," Ngao aliruka. "Huyu ni mtani sana, afande, hapa tunacheka naye kila siku. Chuma, waambie ni utani."

"Chuma kalainika!" alidakia Kufuli. "Mpeni kanga avae!"

Askari wachache walicheka. Wachache tu, na wakanyamaza kabla hawajamaliza, wakatazama vikombe vyao kwa makini ya ajabu. Ungeona nyuso zile ungejua: nusu ya ukumbi ule ilikuwa inajijua. Lakini kujijua ni kitu kimoja na kusimama ni kingine, na wale walikaa imara kwenye viti vyao kama waliopigwa gundi.

Mshauri akavua miwani. "Afande Kamishna, huyu ndiye mtu wa kwanza kusema kitu cha maana tangu nishuke garini. Naomba nizungumze naye."

"Zungumza naye sasa hivi," alisema Kamishna. "Kuna chumba?"

Ngao alitikisa kichwa. "Vyumba vyote vina shughuli, afande. Labda stoo ya vielelezo."

"Stoo itafaa."

"Ila nitakuwepo." Ngao alikuwa ameshasimama. "Mimi ndiye mkuu wa kituo. Kuna siri za kazi. Hatuwezi kumwachia raia amchokonoe askari wangu hivihivi."

Mshauri alipinga. Alisema mazungumzo kama yale ni ya watu wawili. Ngao alicheka, akamuuliza kama huko shuleni kwao walifundishwa pia kutunza siri za serikali. Kamishna alitazama saa yake, akasema basi akae, lakini akae kimya.

Nikuulize, msomaji: mtu ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa haamini ugonjwa huu upo, sasa ana haraka gani ya kuusikiliza?

*

Stoo ya vielelezo ndiyo chumba ambacho polisi huweka vitu vya kesi. Baiskeli za wizi, mapanga yenye vibandiko, mitungi ya pombe haramu, na godoro ambalo kesi yake ilikwisha zamani na mwenyewe aliona aibu kurudi kulidai. Katika nchi nzima ya akili timamu, hapo ndipo palipopatikana pa kutibia akili. Mshauri alikalia kiti chenye kibandiko cha mahakama. Chuma alikaa kwenye godoro. Ngao alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya harufu ya mitungi. Chini yake, wake za askari walikuwa wamechutama wamejipanga kama vifaranga. Mama Kidoti alikuwa wa mwisho kufika. Begi lilikuwa bado mkononi, na Kidoti alikuwa amemwacha kwa jirani.

"Niambie, koplo," alisema mshauri.

Chuma alikohoa. "Mnamo siku ya tukio, nikiwa kazini katika eneo la soko, nilipokea taarifa ya kuporomoka kwa jengo, ambapo nilifika, nikakuta mkono wa mtu umetokeza, nikaushika na..."

"Koplo, koplo. Sijakuomba maelezo ya kesi. Nakuuliza wewe. Ulishika mkono wa mtu."

"Ndiyo."

"Ulikuwaje?"

Chuma alitazama viganja vyake.

"Ulikuwa na unga," alisema. "Unga wa ngano, mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anakanda kitu jengo lilipoanguka. Sikumwona uso. Nilimwambia tunakuja, naye akanibana vidole. Nikisema, anabana. Ndiyo mazungumzo yetu yalivyokuwa. Nikamhadithia habari za Kidoti. Nilipomwambia Kidoti anaogopa bata, alibana haraka haraka hivi, nikajua anacheka."

Chini ya dirisha, Mama Kidoti aliweka begi chini. Hadithi hii alikuwa haijui.

"Ukakaa naye mpaka alipokufa," alisema mshauri taratibu.

"Hapana."

"Hapana?"

"Alipokufa sikuwepo."

Ngao alikohoa mlangoni. "Nadhani kwa leo..."

"Ulikuwa wapi, koplo?"

"Nilimwachia."

Mshauri aliinama mbele. "Kwa nini ulimwachia?"

"Amri."

"Kikao kimekwisha!" Ngao alitoka mlangoni kwa hatua ndefu. "Binti, umeona mwenyewe, mtu kachoka. Koplo, simama!"

"Amri gani?" Mshauri hakumgeukia hata kidogo.

Maneno yakaanza kumtoka Chuma kama maji ya bomba lililopasuka. "Nilisikia nyuma yangu: 'Koplo, acha hapo, njoo ujipange, mstari una pengo.' Kulikuwa na gwaride la kumpokea mgeni anayekuja kutazama maafa. Nikasema afande, huyu mama yu hai. Nikaambiwa wazima moto watamwona, wewe una viatu visafi, njoo. Nikamwambia mama wa watu, narudi sasa hivi. Akabana. Akabana kwa nguvu zake zote, dada. Na mimi nikamwambia narudi, nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja."

Alivikunja vidole vyake mwenyewe, kisha akaendelea.

"Nikaenda nikasimama mstarini. Nilipopata nafasi ya kurudi, mkono ulikuwa bado upo palepale. Nikasema tunakuja mama. Haukubana."

Redio, yule Redio, alikuwa amejiziba uso kwa kanga, mabega yanamtetemeka. Mama Kidoti alisimama wima dirishani bila kujificha, akamtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Nani alikupa amri hiyo?" aliuliza mshauri.

Chuma aliinua kidole.

"Yeye."

"Mwongo!" Ngao alifoka mpaka mitungi ikaitikia. "Mwongo mkubwa! Mnamsikiliza huyu? Huyu si mzima! Amekiri mwenyewe gwarideni, mmesikia wote! Huyu ana matatizo ya akili!"

Hebu mtazameni. Asubuhi nzima alikuwa anatoka jasho kuthibitisha kwamba Chuma ni mzima. Sasa alikuwa anatoka jasho lilelile kuthibitisha kwamba ni kichaa. Wakubwa wa aina hii akili yako hawaijali, wanaikunja kama fulana na kuivaa upande unaowakaa.

"Afande," alisema mshauri, "ulisema utakaa kimya."

Kisha akamrudia Chuma. "Na huyo mgeni aliyekuwa anapokelewa, ambaye mstari wake ulikuwa na pengo. Alikuwa nani?"

Chuma hakuwa na haja ya kujibu. Ngao alikuwa ameacha kufoka ghafla, macho yamemtoka, anatazama mlangoni. Mshauri akageuka. Wanawake wa dirishani wakanyoosha shingo.

Mlangoni alisimama Kamishna, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amekuja kusikiliza yanavyoendelea. Chai ilikuwa inamwagikia sahani, naye haoni.

"Siku ile," alisema polepole, "niliwasifu kwa mstari ulionyooka."

Akakitazama kikombe.

"Niliwapigia makofi."

Jamani! Chini ya dirisha mtu alisema afadhali, sasa Ngao ameshikwa, sasa atavuliwa nyota hadharani. Wengine walianza kupigana vikumbo kwa furaha. Mshauri alisimama kumpisha Kamishna kiti, uso umemjaa matumaini.

Kamishna hakukaa. Aliweka kikombe juu ya mtungi wa pombe haramu, akanyoosha shati lake.

"Fungeni dirisha," alisema. "Na kila mtu atoke. Abaki koplo."

"Mimi nabaki naye," alisema mshauri.

"Na wewe utoke, binti."

"Afande, mimi si askari. Nikiamriwa siendi."

Ngao aliushika mkoba wa mshauri, siyo yeye, mkoba, akautupa nje ya mlango, na mshauri alipotoka kuokota karatasi zake zilizotawanyika, Ngao naye akatoka na mlango ukafungwa nyuma yao. Dirisha likabamizwa. Ufunguo ukazunguka kwa ndani.

Mama Kidoti alikuwa ameshazunguka jengo, mbio, hana kiatu kimoja. Akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Baba Kidoti! Usinyamaze! Hata akuamuru nani, mume wangu, usinyamaze!"

Kituo kizima kilikuwa kimejaa ukumbini na koridoni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetania, hata Kufuli. Wakatega masikio.

Kutoka ndani ikaja ile sauti laini, ileile ya kumbembeleza mtoto ameze dawa:

"Haya, koplo. Ili jambo hili liishie humu ndani, wewe unataka nini?"